Tumelipia hela kulala shambani: siku 5 kwenye nyumba ya watu wawili Val d'Orcia, Italia

Nilimpigia mama video nikamzungushia simu aone mizeituni, akaangalia weee alafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, umekimbia michungwa yetu hapa Muheza ili ukalipe hela ulale kwenye mizeituni ya watu?" Nilicheka tu sikuwa na jibu. Baba watoto naye akacheka, ila yeye alikuwa ananicheka mimi, maana safari nzima ni wazo langu na kubuku nilibuku mie.

Basi niwape maelezo, maana wengi mmeniuliza tangu niposti zile picha. Sie tunaishi Munich, mwaka huu tumetimiza miaka 10 ya ndoa, nikasema mwaka huu sitaki hoteli sitaki buffet sitaki kelele, watoto tukamwachia wifi yangu (wifi wa ukoo jamani, sio wa intaneti, ya intaneti nitaisema mbele huko), tukachukua nyumba ndogo ya watu wawili huko mashambani Toscana, kati ya San Quirico d'Orcia na Pienza, kusini ya Siena. Usiku 5, wiki ya mwisho ya Oktoba. Jina la shamba siliweki kwa sababu kuna mawili matatu nitayasema, na yule mama mwenyewe ni mtu mzuri tu, sitaki kumharibia. Nyota nampa 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyopungua mtaijua.

Kwanza mjue mnachopanga. Wenyewe wanaita agriturismo, na sio jina la kupamba tangazo, ni kitu cha kisheria kabisa, walitunga sheria yake 1985 wakaja kuiandika upya 2006, na inasema kilimo ndo kiwe kazi kubwa, wageni wawe nyongeza. Maana yake mwenye nyumba ni mkulima kwelikweli, ana trekta, ana matope kwenye buti, na saa 1 asubuhi trekta litapita chini ya dirisha lako na hakuna wa kumlalamikia. Sasa kuna watu wanafika na akili ya hoteli, wanataka mapokezi, wanataka kubadilishiwa taulo kila siku, wanarudi kuandika malalamiko. Hapa taulo unapewa za wiki, kahawa unajipikia, takataka unachambua mwenyewe, plastiki huku karatasi kule mabaki ya chakula kwingine. Kwangu sawa tu, nimeishi Ujerumani miaka yote hii kwenye takataka nina digrii.

Njia sasa. Tulitoka saa 11 alfajiri tukapita Austria, Brenner, tukashuka, na foleni ya kati ya Bologna na Firenze sitaki hata kuikumbuka. Kufika kwenyewe saa 2 usiku wakati tulishaambiwa tufike kabla ya saa 1. Na ukitoka lami bado kilomita 3 za barabara ya vumbi, zile nyeupe wanaziita strade bianche, kwenye picha nzuri kweli, zinapinda na ile miti mirefu myembamba ya cipresso huku na huku. Usiku hazina uzuri wowote. Hakuna taa hata moja, simu inakwambia umefika na mbele yako ni bonde. Siku ya tatu ikanyesha, ule udongo wao ni mfinyanzi, ikawa utelezi kama njia ya kupanda Amani wakati wa masika, gari inaenda ubavu baba watoto kimya kabisa mikono miwili kwenye usukani. Kwa hiyo ukiwaza kwenda bila gari futa hilo wazo. Treni ipo, inakuleta hadi stesheni ya Chiusi-Chianciano Terme kwenye njia ya Roma na Firenze, lakini kutoka pale hadi shambani mabasi ya kuhesabu, na Jumapili ndo kabisa.

Yule mama alikuwa anatusubiri na tochi. Hakununa. Akatupiga picha pasipoti, baba watoto akanikonyeza akajua tunaibiwa, kumbe ndo utaratibu wao, kila anayelaza wageni Italia lazima apeleke majina yao polisi ndani ya saa 24. Mezani alishatuwekea mkate, jibini nusu gurudumu dogo, na chupa ya mvinyo wa shambani kwake. Nikamwambia kwa Kitaliano changu cha kuokoteza kwamba sie hatunywi, hakuuliza kwa nini, akaichukua ile chupa akatoka nayo, dakika tano karudi na chupa ya asali na mayai sita bado yana kinyesi cha kuku. Nikasema hapa nimefika.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa zizi. Chini sebule na jiko, juu chumba, ngazi ya mbao imesimama wima hiyo, ukiamka usiku kwenda chooni unashuka kinyumenyume kama unatoka kwenye mnazi. Ukuta wa mawe unene wake mkono wangu mzima hadi kwapa, nilipima. Mwezi wa 8 nina uhakika humo ndani raha tupu, Oktoba ni friji. Sakafu ya vigae vyekundu, baridi inakupanda kutoka kwenye unyayo, bebeni ndala au soksi nzito. Na ukuta huo huo ndo unaoua waifai, ukiitaka utoke ukasimame barazani na shuka begani. Kitanda kimoja kikubwa, mashuka ya pamba yamepigwa pasi yananukia jua. Jiko la gesi, sufuria za kutosha, kile kibuyu chao cha kahawa cha alumini, visu vikali. Hapo jikoni sina neno.

Na choo jamani. Waswahili wenzangu wa Ulaya mnaojua tabu ya kopo, mnaojua kutembea na chupa ya maji kwenye mkoba kama mgonjwa, Italia mmefika nyumbani. Karibu kila nyumba ina bidet bafuni, kile kibeseni pembeni ya choo na bomba lake la maji moto na baridi, na sio anasa, ni sheria, tangu 1975 nyumba ya kuishi lazima iwe nacho. Yaani nchi imekaa ikatunga sheria ya watu kuchamba! Baba watoto alivyokiona alisimama pale mlangoni kama kaona Kaaba. Mpaka leo ananiuliza Munich tutakiweka wapi.

Usiku wa pili giza. Mie nilikuwa nimewasha oveni nachoma kuku, nikachomeka na birika la umeme, paa, mein swichi ikajikata, giza lile la shamba ambalo hata mkono wako huuoni. Kumbe nyumba nyingi za Italia umeme wake ni wa mkataba wa kilowati 3 tu, oveni inakula zake 2, birika linakula zake 2, hesabu imegoma. Hakuna aliyetuambia. Baba watoto akatoka na simu mdomoni anatafuta boksi la mita nje ukutani, mbwa wa shamba naye kamfuata anambwekea, mie nipo dirishani nacheka machozi yananitoka. Akaipandisha. Tukanywa chai baada ya kuku.

Sasa ile nyota. Hita. Tangazo lilisema euro 95 kwa usiku, mara 5 ni 475, usafi 50, kodi ya watalii ya manispaa euro 1.50 kwa kila kichwa kwa usiku, kwa hiyo 15. Mie kichwani nina 540. Chini kabisa ya tangazo, kwenye maandishi ya kusoma na miwani, kulikuwa na maneno mawili matatu ya Kitaliano kwamba hita unalipa kadri unavyotumia. Sikuyaona. Shambani hakuna bomba la gesi la mji, kuna tangi limefukiwa nje wanajazwa na lori, gesi yake ghali. Sie wa pwani, baridi kidogo tu tunakufa, tukawasha usiku na mchana. Siku ya kuondoka yule mama anakuja na kidaftari, mita za ujazo 13, mara euro 5, 65. Ile depoziti ya 150 niliyompa taslimu akanirudishia 85, mzigo wote ukawa 605, yaani kila usiku umekula 121 badala ya 95.

Sikugombana naye. Ila nilimwambia, mama, siku tunafika ulikuwa na tochi mkononi na mita iko hapo nje, kwa nini hatukuisoma wote? Akasema usiku ule mlikuwa mmechoka. Ni kweli tulikuwa tumechoka. Lakini mie sina ushahidi ilianzia ngapi na yeye hana ushahidi pia isipokuwa kidaftari chake, na kwa mtu ambaye alitupa mayai bure nikajikuta nimeanza kumshuku, ndo kinachoniuma kuliko hiyo 65. Kwa hiyo mkifika, hata kama ni usiku wa manane, pigeni picha mita, ya gesi na ya umeme, yeye akiwa pembeni. Sio kumkosea adabu, mnailinda salamu ya kuagana.

Kingine kwenye picha za tangazo. Mmeziona zile picha, vilima vya kijani laini kama velveti. Hizo ni za mwezi wa 4 na wa 5, ngano ikiwa changa. Sie mwisho wa Oktoba tumekuta wameshalima, ardhi yote kahawia, mabonge makubwa makubwa ya udongo, nikasimama barazani asubuhi nikasema jamani mbona hili ni shamba la mahindi linasubiri mvua? Baba watoto anasema si ndo ulilipia, shamba. Nilinuna kama nusu saa hivi. Alafu ukungu ukaanza kushuka bondeni, vilima vikabaki vichwa tu vinaelea, na mlima Amiata kule nyuma, ule una mita 1,738 na zamani za kale ulikuwa volkano, nikaisahau velveti. Eneo lote hili la Val d'Orcia UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 2004, na ajabu yake hawakuliingiza kwa ajili ya pori wala wanyama, ni kwa ajili ya mashamba yenyewe, jinsi watu walivyoyapanga kwa karne na karne hadi wachoraji wakawa wanayachora. Nilimwambia mama hilo. Akaniuliza na Muheza wanakuja lini.

Ila faida ya Oktoba ndo hii, mavuno ya zeituni. Siku ya nne tunakunywa chai tunasikia kelele kama pikipiki juu ya mti, tukatoka, familia nzima ipo shambani, wametandika nyavu chini ya miti, kijana ana fimbo ndefu ya mashine yenye vidole vya plastiki vinavyotikisika inachochea matawi, na baba yake yule mama, mzee wa makamo ya babu yangu, hataki mashine, ana kijireki cha mkononi kama kitana cha mtoto, anachana tawi taratibu zeituni zinadondoka tap tap tap kwenye wavu kama mvua inaanza kwenye bati. Akanipa kitana kimoja bila kusema kitu. Nilichana saa mbili. Mie mtoto wa shamba jamani, mwili ulijua wenyewe, unashika tawi kwa mkono wa kushoto, unavuta kuja kwako, huvunji. Mzee akamwambia bintiye kitu, yule mama akanitafsiria, eti anasema huyu sio mtalii. Baba watoto alikuwa ameshachoka muda mrefu, kakaa kwenye kreti anapiga picha.

Nikaonja moja mbichi. Msijaribu. Uchungu kama umetafuna mwarobaini, nikatema mbele ya wenyeji na heshima yangu yote. Zinatakiwa zipelekwe kinuni haraka, hazilazwi zikapata joto zikaanza kuchacha, jioni ile ile tukafuata gari lao hadi kwenye mashine, wanaita frantoio, unaingia harufu inakukaba, kama majani yaliyokatwa sasa hivi. Kilo 100 za zeituni zinatoa lita kama 12 hadi 15 za mafuta, ndo nikaelewa kwa nini bei iko vile. Yanatoka rangi ya kijani inayowaka, mazito, wakatuchomea mkate wakausugulia kitunguu saumu wakamwagia mafuta juu na chumvi, yanashuka alafu kooni yanawasha kama pilipili manga, unakohoa, wao wanafurahi ukikohoa. Nimetumia mafuta ya zeituni ya supamaketi miaka 12, hayana uhusiano wowote na yale. Ni kama tui la kwanza na lile maji la tatu.

Mkate wenyewe sasa, hauna chumvi. Sio kwamba wamesahau, Toscana mkate wao ndo huo. Siku ya kwanza nilidhani mama wa watu kaharibu, siku ya nne nikaelewa, jibini na mafuta na vyote unavyoweka juu vina chumvi kali, mkate unakaa chini kama ugali.

Kuhusu kula kwa sie tusiokula nguruwe, muwe macho, maana nguruwe kule yupo mpaka kwenye maharage. Yupo wazi na yupo kwa kujificha, vipande vidogo kwenye sosi, mafuta yake kwenye mikate mingine. Jifunzeni maneno mawili, senza maiale, bila nguruwe, na muulize kila sahani hata kama imeandikwa mboga. Kilichotuokoa ni pici, tambi nene za kuviringishwa kwa mkono za unga na maji, wanazipika na sosi ya nyanya na aglione, hicho ni kitunguu saumu kikubwa kama ngumi ya mtoto na hakikupandi kichwani. Na supu yao ya mkate na maharage na majani meusi jamii ya sukuma wiki, ribollita, nililamba bakuli ila nayo niliuliza kwanza. Jiko la mgahawa haliwashwi kabla ya saa 1 na nusu usiku usihangaike kugonga, na kwenye bili mtakuta coperto, euro 2 au 3 kwa kila mtu, ya kukaa tu na mkate, sio wizi ndo desturi. Maduka ya vijijini mchana yanafungwa, kama saa 7 hadi saa 10 hivi, tulikula biskuti siku moja kwa kutojua.

Matembezi nipite haraka. Pienza ni kitongoji cha papa mmoja wa Wakatoliki, Pius wa Pili, alizaliwa hapo kikiitwa Corsignano, akawa papa akarudi 1459 akaanza kukijenga upya kiwe mji wa mfano, na mpaka leo unauzunguka kwa nusu saa. Kuna kichochoro kinaitwa cha Busu na kingine cha Mapenzi, wapenzi wamejipanga foleni kupiga picha, baba watoto akasema ameshanipa miaka 10 foleni hapangi. Paki kwenye mistari ya bluu mlipie, nyeupe bure, ya njano ni ya wenyeji msiiguse, na mkiona kibao cha ZTL (eneo la magari yenye kibali tu) mlangoni mwa mji wowote msiingie na gari, kamera inapiga na faini inawafuata hadi nyumbani baada ya miezi. Bagno Vignoni pale uwanja wa kijiji ni bwawa la maji moto, zuri, ila haliogewi. Kuoga nendeni Bagni San Filippo, bure kabisa, ndani ya msitu, maji yamejenga mwamba mweupe mkubwa wanauita nyangumi mweupe. Yananuka kiberiti. Mie nilivua viatu nikavuta ile harufu nikajikuta nipo maji moto ya Amboni na darasa la sita, niliogelea na mtandio wangu kichwani na hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Mkiamua kubuku, kwenye tangazo tafuteni namba ya usajili inayoitwa CIN, tangu 2025 kila nyumba ya wageni Italia lazima iwe nayo na iionyeshe, kama haipo mnatapeliwa au mnaenda kwa mtu anayekwepa kodi. Andikeni mapema kuuliza hita, usafi na depoziti, mjibiwe kwa maandishi. Na mje na gari ambayo hamuionei uchungu.

Tumebeba dumu la mafuta la lita 5, euro 75, tumelificha kwenye buti chini ya blanketi utadhani magendo. Juzi nimemwandikia yule mama kumuuliza bei ya mwezi wa 5, nikaone hiyo velveti. Kajibu siku hiyo hiyo, 140 kwa usiku na sio chini ya usiku 7, hita haitahitajika, na babu anasalimia anauliza yule aliyetema zeituni anarudi lini. Tunapiga hesabu, wifi yangu bado hajaambiwa.